Naomba ushauri: bunduki nyepesi ya kuwindia milimani, bajeti dola 1,000

Baba Nuru (Boise, Idaho)

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Nataka kununua bunduki yangu ya kwanza ya kuwindia. Nina dola 1,000, na humo humo itoke bunduki, darubini na mkanda. Hela nyingine haipo, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku na nina watoto watatu wanaokula kama hawana akili nzuri.

Hadi sasa nawinda na bunduki ya kuazima ya jirani yangu, mzee wa hapa hapa Idaho ambaye ndiye aliyenifundisha. Ni ya zamani, kaliba ya .30-06 (ukubwa wa risasi yake), kitako cha mbao, darubini ya chuma juu yake. Kwa shabaha sina neno nayo. Tatizo ni kupanda nayo. Tunawinda Unit 39, kitalu cha uwindaji juu huko ya Idaho City, na kule hakuna njia tambarare: unateremka korongo, unapanda ukingo, unateremka tena. Niliipima kwenye mizani ya bafuni nikiwa nimeishika, nikatoa uzito wangu, ikaja kilo 4.3. Nina goti moja lililoumia kwenye mpira zamani, na ikifika saa nne asubuhi goti na bega vinagombana nani aanze kulalamika.

Tunachowinda ni mule deer, hawa kulungu wa masikio makubwa. Nikibahatika kupata tagi (kibali) ya elki, mnyama mkubwa zaidi ya kulungu, huko mbele, nitashukuru, ila si leo wala kesho.

Nilikwenda duka moja la bunduki, muuzaji akanishikia bunduki nyepesi kweli kweli ya kaliba kubwa, .300 Winchester Magnum, akasema "hii hata elki hakai." Nikamwambia narudi. Sijarudi. Kijana mwingine ananiambia nisinunue kitu chochote kinachozidi kilo mbili na nusu, nikope niongeze.

Nipeni mawazo: bunduki ipi, kaliba ipi, na je, hiyo hesabu ya kilo mbili na nusu ina maana kwa mtu wa kipato changu? Green card ninayo, kozi ya uwindaji nimeshamaliza, leseni ninayo. Shemeji yenu amekubali kwa sharti moja, kabati la chuma lenye kufuli liingie nyumbani kabla ya bunduki. Kabati limeshanunuliwa, halimo kwenye ile 1,000.

---

Mkenya wa Denver

Boss, chukua Ruger American ya kaliba ya 6.5 Creedmoor ufunge hiyo story. Mimi ndiyo niko nayo. Haina urembo, lakini risasi inaenda pale umeangalia, na bega haliumi.

Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo hii mambo yote nimejifunzia Colorado, sikukuta babu akiifanya. Ukiwahi kuja kuwinda upande wetu, jua sheria inataka inchi 500 za mraba za rangi ya chungwa kali au pinki mwilini, pamoja na kofia. Najua Idaho hawawalazimishi. Vaa tu.

---

Mzee wa Ukinga

Baba Nuru, marahaba.

Nimezaliwa Makete, kwa hiyo mlima haunitishi, lakini umri umeanza kunihesabia kila gramu. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu swali lako umeliuliza vizuri, umepima kwanza ndipo ukauliza.

Kwanza, uzito unaoandikwa kwenye kibandiko cha dukani ni wa bunduki tupu. Bunduki tupu haiwindi. Wewe piga hesabu ya kile kitakachoning'inia begani. Ruger American ya kawaida ina kilo 2.8 hivi. Weka darubini ndogo, gramu 350. Ringi za aluminiamu za kuishikia na bezi yake, gramu 100. Mkanda, gramu 100. Risasi nne ndani, gramu 100 nyingine. Umefika kilo 3.4 na ushei. Ukilinganisha na ile ya jirani yako umepunguza karibu kilo nzima, na hujakopa kwa mtu. Kilo nzima kwenye ukingo wa Idaho City ni kitu, goti lako litakushukuru.

Sasa angalia wanachofanya watu. Mtu ananunua bunduki nyepesi, halafu anafunga juu yake darubini ya 4-16 (inakuza mara 4 hadi 16) yenye kioo cha milimita 50 na bomba nene, gramu 700. Gramu 350 alizozilipia kwenye bunduki anazirudisha kwenye kioo ambacho hakihitaji, maana kulungu wa Unit 39 hatumpigi kutoka wilaya nyingine. Darubini ya 3-9x40 inatosha kabisa. Leupold VX-Freedom ya 3-9x40 iko kwenye gramu 350 na bei yake ni karibu dola 300. Humo usibanie. Bunduki ya bei nafuu yenye kioo kizuri itakupa nyama. Bunduki ya gharama yenye kioo kinachoingia ukungu alfajiri itakupa hasira.

Kwa bajeti yako naziona mbili tu.

Tikka T3x Lite inatengenezwa Finland, Riihimäki, kiwanda kimoja na Sako. Kilo 2.9. Bolti yake, ile ya kuingizia risasi, ukiivuta unadhani imepakwa mafuta ya nazi, na triga unaweza kuirekebisha mwenyewe kwa ufunguo mdogo. Wanakuhakikishia risasi tatu ndani ya inchi moja kwenye yadi 100. Mimi ndiyo ninayotumia na sina mpango wa kuibadilisha. Ila dukani ikiwa mpya inacheza kwenye dola 750 hadi 900. Ukiongeza darubini umeshapita 1,000.

Ruger American ni dola 500 hadi 600 kutegemea toleo na duka. Bolti ni nzito kidogo kuanza nayo, ikishafanya kazi inalainika. Sefti iko juu nyuma ya bolti, chini ya dole gumba, na kwa mtu aliyevaa glavu hapo ndipo mahali pake. Bunduki nyingi za kundi hili la bei zina kitako cha plastiki kinacholegea kidogo mbele. Dawa yake ni rahisi: usikibane kwa mkono wala usikaze mkanda wakati wa kulenga, kilaze juu ya begi lako la mgongoni kisha piga. Mlimani hapa ndivyo tunavyopiga, mtu unalala chini, begi mbele, bunduki juu ya begi.

Hesabu yako basi: bunduki 550, darubini 300, ringi na mkanda 80. Imebaki 70, na hiyo 70 usiinunulie kofia. Nunua risasi za mazoezi. Kama una subira, zungukia maduka yanayouza bunduki zilizotumika baada ya msimu, kuanzia Desemba, Tikka ya mtu aliyekwenda mlimani mara moja akaona si mchezo wake utaipata kwa bei ya Ruger mpya. Bunduki ya kuwindia haichakai kwa kupigwa, inachakaa kwa kutu, kwa hiyo chungulia ndani ya mtutu na chini ya kitako kabla ya kutoa hela.

Kuhusu .300 Winchester Magnum, ulifanya vyema kutorudi. Bunduki inavyokuwa nyepesi ndivyo teke lake linavyopanda, hakuna ujanja hapo, ni uzito tu. Magnum hiyo ndani ya bunduki ya kilo tatu na nusu inasukuma bega karibu mara mbili ya kaliba ya .308. Utaipiga mara chache uwanjani, utaanza kufumba macho kabla ya kuvuta triga, na mlimani utakosa mnyama aliyesimama mbavu wazi. Nimewaona wengi wa namna hiyo, wanaume wazima wenye vifua vipana.

Chagua .308 au 6.5 Creedmoor. Ya kwanza iko sokoni tangu 1952, ya pili tangu 2007, na zote utazikuta hata kwenye duka la vifaa vya mashambani. Mkenya hapo juu amesema 6.5, simpingi, teke lake ni dogo zaidi na kwa kulungu haina shida. Mimi kwako ningesema .308, kwa sababu ya huyo elki unayemtaja kwa aibu aibu, na kwa sababu bega lako limeshazoea .30-06. Ile nzito inavyokupiga sasa na .308 nyepesi itakavyokupiga hazipishani sana.

---

Kijana wa Salt Lake

Mzee heshima yako, lakini mimi sikubaliani. Kitu cha maisha unanunua mara moja. Kimber Mountain Ascent ina kilo 2.2 tupu, unapanda nayo siku nzima husikii kama umebeba kitu. Ndiyo, inapita dola 2,000, lakini baba Nuru anaweza kuweka akiba mwaka mmoja zaidi akatulia. Nani ananunua Ruger halafu asiiuze baada ya miaka miwili?

---

Mzee wa Ukinga

Kijana wangu, bunduki hiyo naijua, na mtu mwenye hela yake simkatazi. Lakini jibu mambo mawili.

Umepanda futi 2,000 tangu alfajiri, moyo unagonga masikioni, kulungu katokea yadi 220 upande wa pili wa korongo na anakaribia kuvuka ukingo. Bunduki ya kilo 2.2 inatikisika na kila pigo la moyo wako. Yenye uzito kidogo inatulia. Wembamba wa mtutu nao una masharti yake: piga risasi tatu za haraka, ya nne inaweza kwenda kwingine kwa sababu chuma kimepata moto. Kwa mnyama hilo si tatizo, risasi ya kwanza ndiyo kazi. Kwa mazoezi ni tatizo, maana lazima upige, ungoje ipoe, upige, ungoje. Mtu wa zamu ya usiku hana asubuhi ya kungoja namna hiyo.

La pili. Kulungu dume ukimtoa mifupa pale pale alipoanguka, mzigo wa nyama ni kilo 25 hadi 30, na huo unaupandisha kwa miguu ile ile. Aliyelipa dola 1,500 zaidi kuokoa nusu kilo ya chuma, halafu anakuja na begi la shule lisilo na mkanda wa kiunoni, sijui tumwiteje. Baba Nuru, kabla ya kukopa kwa ajili ya bunduki, angalia begi na buti zako.

Kilo mbili na nusu si uongo. Ni ya mtu aliyekwisha maliza kununua vingine vyote.

(Kwa faida ya wote: Idaho wana sheria kwamba bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa pamoja na darubini, mkanda na vikorombwezo vyake isizidi paundi 16. Hapo hatufiki, lakini mujue kuna watu walikuwa wanaburuta mizinga porini hadi wakatungiwa sheria.)

---

Mama Zuhura (Twin Falls)

Assalaam aleikum. Kaka Baba Nuru, wanaume hapa wamekupimia kila kitu isipokuwa mkono wako.

Mimi ni mfupi, na bunduki nyingi za dukani kitako chake ni kirefu kwangu, nikiiweka begani kichwa kinarudi nyuma kutafuta picha. Fanya hivi ukiwa dukani: vaa lile koti lako nene la msimu, funga macho, pandisha bunduki begani na ulaze shavu kitakoni, halafu fumbua. Jicho likikutana na duara lote la darubini bila kunyoosha wala kukunja shingo, hiyo ni yako. Ukiona kivuli cheusi pembeni, bado. Ruger wana toleo la Compact lenye kitako kifupi na mtutu mfupi, mimi ndiyo nimechukua, kwenye kaliba ya 7mm-08. Risasi zake hazipatikani kila duka, hilo nikuambie mapema, nikizikuta nanunua maboksi kadhaa na kuweka.

Jambo lingine, kama una watoto wadogo wanaokula hiyo nyama, fikiria risasi za shaba tupu. Zile za risasi nyeusi, yaani za madini ya risasi, zinavunjikavunjika ndani na vipande vingine ni vidogo huvioni wala huvisikii kwenye jino. Ya shaba inafunguka mbele kama ua na inabaki kitu kimoja. Ni ghali zaidi kwa boksi. Fanyia mazoezi za bei rahisi, lakini ukikaribia msimu rekebisha darubini kwa zile zile utakazopanda nazo, kwa sababu hazidondoki mahali pamoja.

Na kwa Waislamu wenzangu wanaosoma: mimi husema Bismillahi kabla ya kuvuta, na kisu kikali kiko kiunoni, si ndani ya begi, ili nikimkuta bado ana roho nimchinje mara moja.

---

Kivu Boise

Ndugu Baba Nuru, jambo. Mimi ni wa Uvira, lakini sasa tuko mji moja na wewe.

Yote wazee wamesema ni ya kweli. Mimi naongeza theluji tu. Huku Oktoba unaanza na jua unamaliza na theluji, siku ile ile. Kama tofauti ya bei ni dola hamsini au sitini, chukua mtutu wa chuma kisichoshika kutu kuliko ule mweusi. Halafu bandika kipande cha utepe wa umeme kwenye mdomo wa mtutu. Ukiteleza ukaangukia theluji au matope, hakuna kitu kinaingia ndani, na ukipiga, hewa inasukuma utepe mbele ya risasi, haiharibu shabaha. Mtutu ulioziba udongo unaweza kupasuka mikononi, hiyo si mchezo. Mimi nazungushia utepe mwingine kwenye mtutu wenyewe, ukichanika nabandua hapo hapo.

Ukishanunua twende Black's Creek pamoja, ni uwanja wa wazi wa kulenga shabaha, mimi naenda Jumapili baada ya misa. Nina mbao za kuwekea shabaha.

---

Baba Nuru

Wakuu, nimesoma zote, nyingine mara mbili kwenye mapumziko ya zamu. Asanteni sana. Dada Zuhura, hilo la koti sikuwahi kulifikiria kabisa.

Naelekea Ruger .308 ya chuma kisichoshika kutu na hiyo Leupold ya 3-9. Kivu, Jumapili nipo, nitakutumia ujumbe.

Mzee wangu, nina swali la mwisho. Jirani yangu alikuwa ananiambia tu "lenga mbavu uvute" na .30-06 yake ilikuwa imesharekebishwa tangu enzi. Hii mpya niirekebishe kwa yadi ngapi? Na kule kwetu karibu kila mnyama anakuwa ama juu yangu ama chini yangu. Nalenga vilevile?

---

Mzee wa Ukinga

Swali zuri.

Anza yadi 25, hakikisha inagusa karatasi, usipoteze risasi kwa kuanza mbali. Kisha nenda yadi 100 na uiweke ipige inchi mbili juu ya pale unapolenga. Kwa .308 yenye risasi ya uzito wa greni 150, hapo itapiga pale pale unapolenga kwenye yadi 200, na yadi 300 itashuka inchi kama 8. Maana yake, kuanzia miguuni pako hadi yadi 200 na kidogo, unalenga katikati ya mbavu nyuma ya bega na hufikirii kitu kingine. Yadi 300 unalenga juu kidogo, karibu na mstari wa mgongo. Zaidi ya hapo, msogelee. Mlima una makorongo ya kutosha ya kujifichia.

Mteremko unataka akili kidogo. Risasi inavutwa chini kwa umbali wa usawa, si kwa ule mstari mrefu wa jicho lako. Mnyama akiwa yadi 300 kwa kipimo cha jicho, lakini mlima umelala nyuzi 30, kwa risasi huyo ni wa yadi 260 tu. Ukimlengea ya 300 utampita juu ya mgongo. Na ni vilevile akiwa juu yako au chini yako, watu wengi hudhani wa chini ni kinyume, hapana, wote wawili unalenga chini kidogo kuliko kipimo kinavyosema. Kwa yadi 200 kushuka chini usijisumbue na hesabu hii, tofauti ni ndogo.

Dukani watakupa fomu 4473, ile ya serikali ya kununulia bunduki, ujaze kabla ya kukaguliwa. Andika jina kama lilivyo kwenye green card, herufi kwa herufi, na ubebe namba yako ya uhamiaji pamoja na kitambulisho cha Idaho chenye anwani unayoishi sasa. Kama ulihama nyumba na kitambulisho bado kina anwani ya zamani, kibadilishe kwanza, vinginevyo wanaweza kukurudisha.

Na uliza kama bei ya Ruger ni pamoja na bezi za darubini. Matoleo mengine yanakuja nazo zimeshafungwa, kwa hiyo utanunua ringi tu.

---

Baba Nuru

Anwani ni ya zamani. Kesho naanzia huko.